Sukari ya Mzee Ezekia

“Anza na mama yako,” Ezekia alisema, akificha mikono kwapani. “Nione kama atapona.”

Asnath hakucheka. Alikuwa ameketi mkekani sebuleni kwao Urambo, mashine mpya ya kupimia sukari ikiwa juu ya kigoda mbele yake. Alikuja nayo kutoka Tabora mjini, anakosoma uuguzi. Tarehe na saa alikwisha kuziweka. Sasa alidondosha tone la maji ya majaribio kwenye kijikaratasi cha kupimia, akalinganisha namba iliyotokea na zile zilizoandikwa kwenye kichupa. Ilikuwa sawa.

“Haidanganyi,” alisema polepole.

“Mashine haidanganyi. Watu je?” baba yake akatania.

Levina, mama yake, alinyoosha kidole. Hakushtuka sindano ilipomgusa. Asnath akaisoma namba, akakilaza kioo chini, naye Levina akaenda kuegemea mlango, kikombe cha maji mkononi.

“Mwone! Anakunywa kama ng’ombe wa Igunga,” Ezekia akasema. “Kazi yake maji na kulala.”

Asnath alitazama sakafu. Msimu uliopita mama yake alianguka ndani ya bani, kati ya majani ya tumbaku yaliyokuwa yakikaushwa. Vibarua walipomtoa nje, Ezekia aliwaambia wammwagie maji, huo ni uvivu tu. Levina aliomba apelekwe hospitali, akaambiwa hela hakuna. Wiki hiyohiyo pikipiki nyekundu ikaingia uani. Asnath alipopata habari alijifungia bafuni bwenini, akalia, akaapa kwamba baba yake atalipia.

“Kidole, baba.”

“Usinichome kwa nguvu, mama. Mimi ndiye ninayekulipia ada.”

Alimchoma kwa nguvu. Ezekia akapiga yowe, akafumba macho, kidole kinywani. Asnath alisubiri kidogo, akabonyeza kitufe cha kumbukumbu, akamgeuzia kioo cha mashine.

“Ishirini na mbili,” Ezekia akasoma. “Si nzuri hiyo?”

“Ya mtu mwenye afya haifiki nane.”

Ezekia aliketi chini. “Nitakufa?”

“Ukifanya mchezo. Ila mguu ndio hutangulia kukatwa.”

“Mwanangu!”

“Mwache, Asnath,” Levina alisema kwa sauti ndogo.

“Simwachi.”

Pikipiki iliuzwa kabla ya Jumapili, ipatikane hela ya tiba. Asnath alimchukua mama yake hadi Tabora, akafundishwe namna ya kumhudumia mgonjwa, na Levina akarudi na dawa. Mashine nayo akakabidhiwa yeye, maana Ezekia aliapa hachomwi tena. Asali ikaondolewa mezani, soda na pombe zikafuata. Dawa isagwe, Asnath aliagiza, ikorogwe kwenye uji usio na sukari. Kila asubuhi mzee alikunja uso, akanywa, akatema mate.

“Chungu namna hii! Mnaniua,” alilalamika kwenye simu.

“Ndiyo tiba, baba. Tena ya maisha.”

Vibarua wakaanza kunong’ona. Mzee amekonda, suruali anaishikilia kwa mkono, huku mkewe ananawiri, anaimba banini tangu asubuhi. Yule binti mpole, walisema, muwe naye macho.

Likizo ilipofika, Asnath alimkuta mama yake jikoni, anaepua uji.

“Dawa yangu iko wapi?” Ezekia aliita kutoka sebuleni. “Mnataka nife?”

“Inakuja, baba Asnath.”

Levina alikamulia jani la shubiri kwenye kikombe cha uji, akakoroga. Kisha akafungua pakiti ya dawa, akatoa vidonge viwili, akavimeza yeye.