Maswali ya Mtu wa Namoto

"Panda kitandani, Ami, nilione hilo paja," alisema daktari Nasrin.

Mzee Mussagy alikikamata kikoi chake kwa mikono miwili. "Paja langu? Astaghafirulahi! Nimekwambia, dotora, mgonjwa ni mtu wa Namoto. Mimi nimetumwa tu."

Nasrin aliuma mdomo asicheke. Huyo mtu wa Namoto walimjua wote pale kituo cha afya cha Palma. Kila mwanamume mwenye ugonjwa wa aibu alikuwa ametumwa naye. Mwenye jipu makalioni, katumwa na mtu wa Namoto. Mwenye bawasiri, vilevile. Lakini safari hii ilikuwa uvimbe wa paja, na madaktari wa ng'ambo ya Ruvuma walishasema ni kansa, tena ya nadra mno.

"Haya, anauliza nini?"

"Ataambukiza watu wa nyumbani?"

"Hata kidogo. Ale nao sinia moja."

"Mbona imemchagua yeye? Hatujapata kusikia kansa ya paja. Karogwa? Au ndiyo hii gesi waliyoigundua wazungu?"

"Hajarogwa, Ami. Na gesi ingali chini ya bahari, nani ameivuta?"

Mzee alitabasamu, kisha tabasamu likamwisha. "Akipasuliwa, mguu utabaki?"

"Akiwahi, huenda ukabaki. Akichelewa, siahidi mguu wala roho." Nasrin alimpenda mzee huyu, rafiki wa baba yake, tangu utotoni, na ilimuuma kwamba alivuka mto kwenda kupimwa na wageni. "Aende Maputo wiki hii hii."

"Ataka kwenda. Tatizo ana binti mkali. Anaogopa akijua alificha, atamkaripia mpaka majirani wasikie."

Nasrin alimfikiria Laila, binti wa Mussagy, ambaye hata wauza samaki walimkimbia. "Binti niachie mimi. Nitamfunga mdomo."

"Hatasema neno?"

"Hata moja."

"Apa."

"Wallahi."

Mzee Mussagy alishusha pumzi, akafungua mlango, akachungulia kwenye benchi la wagonjwa.

"Mwinyimadi, ingia," aliita. "Mwanao dotora ameapa kufunga mdomo."