Mkate wa Msafiri

Niliporudi kwetu Samarkand kutoka shule ya bweni, kitu cha kwanza nilichokitamani kilikuwa mkate wangu. Kwetu msafiri huuma mkate kabla ya kuondoka, nao hutundikwa ukutani mpaka arudi kuumalizia.

Niliukuta una alama mbili za meno, ilhali mimi niliuuma mara moja tu.

“Doniyor, umeshaanza utundu wako?” Mama alicheka.

“Naapa kwa utukufu wa sare ya shule, Mama, sijaugusa!”

Kicheko kikamkauka. Mama ni mwanasaikolojia, na mgonjwa wake mmoja, aliyeua wanawake watatu, alitoroka gerezani juzi akiapa kumfuata. Kila kikao alikuwa akimlilia: “Daktari, laiti na mimi ningetundikiwa mkate.”

Kutoka chumbani kwangu sauti nzito iliita, “Mama, nimerudi.”