Neno la Mama Mwenye Nyumba

Mfasiri alizoea kujigamba kwamba mtaa mzima hakuna anayekijua Kihispania kumshinda yeye. Kisha, kabla hujampa heko, anamalizia mwenyewe: kwa sababu mtaa mzima hakuna mwingine anayekijua.

Asubuhi ile hakujigamba. Alikaa mezani sebuleni, chai imepoa mpaka imefanya utando, akiitazama rasimu ya Kiingereza iliyokosa neno moja. Tangu afiwe na mumewe, miezi minne sasa, mambo yalimpita hivyo: anaiona chai, anajua ni chai, mkono hauendi. Kulia halii, kukasirika hakasiriki. Alikuwa kama mguu uliolaliwa vibaya, ila ganzi yenyewe haiachii.

Mumewe alifia mbali, nchi ya Kihispania, alikokwenda kuendesha greda. Kampuni ilituma mistari miwili na sanduku la nguo, basi.

Baba mkwe alikuwa karani mstaafu wa mahakama. Mtaani walimwita Muhuri, maana hata salamu alitaka ithibitishwe. Tangu siku ya sanduku alikuwa hali zaidi ya vijiko viwili, na suruali zake zote zilimpwaya akazifunga kwa kamba. Alikuwa na swali moja tu: mwanawe alikufa na kinyongo naye? Siku ya kuagana walitupiana maneno, mzee akamwambia kijana asirudi. Na kijana, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumtii, safari hii akatii.

Ndipo wiki ile mfasiri akaingia na barua. Alisema imeandikwa na mama mwenye nyumba aliyempangisha mumewe chumba, na imepitia ofisi ya tafsiri anakofanya kazi. Alimsomea mzee kwa Kiswahili. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Maneno ya mdomo hayana jalada, akasema; alitaka tafsiri ya Kiingereza ya kuweka kwenye faili. Miaka thelathini na mmoja mahakamani, kila cha kweli kilimjia kwa Kiingereza. Na cha uongo pia, lakini hicho hakukitaja.

Sasa alitoka chumbani amevaa koti na tai kama mtu anayewahi kazini, akaketi mkabala na mkwewe.

"Imekamilika, mwanangu?"

"Bado neno moja, baba."

Akamwonyesha. Mama mwenye nyumba alikuwa anasema kwamba kila Jumapili mpangaji wake alimtaja baba yake, na alimwita baba yake... hapo zikafuata nukta nane za penseli. Ndivyo tunavyofanya kazini, mfasiri akaeleza. Neno likigoma hatulibembelezi. Tunaliachia nukta, tunaendelea na mengine, litakuja lenyewe likishachoka kununa.

"Ni neno gani hilo?"

"Entrañable."

Akamfafanulia kwa sauti ileile ambayo angesomea orodha ya sokoni. Linatoka matumboni, kwenye utumbo na maini. Mtu ukimwita hivyo ni mpenzi, ni wa karibu, ni yule ukimkumbuka uso unalainika hata kama alikuudhi. Kiingereza kina "dear", lakini hilo wanamwandikia hata bwana wa maji aliyewakatia bomba. Kina "close", lakini jirani naye ni wa karibu, tena humpendi. Kina "beloved", ila hilo limezoea makaburini.

Mzee aliinamisha kichwa. "Hata kama alikuudhi?"

"Ndiyo, baba."

"Hilo limo ndani ya neno, au umeliongeza wewe?"

"Limo."

Mzee akavuta kikombe cha mkwewe, akainywa ile chai baridi pamoja na utando wake, yote, bila kujua ni ya nani. Kisha akauliza kama mkate upo. Mfasiri alilitazama koo la mzee likipanda na kushuka. Alijaribu kufurahi. Akangoja kidogo, kama anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa, akaenda kuleta mkate.

Mzee alikula vipande vitatu. Alipokwisha, alisema aandike "dear", kwa kuwa mahakamani hakuna wakili aliyewahi kulipinga. Mfasiri akaliandika.

"Nipe na ile ya asili. Faili haifungwi kwa tafsiri peke yake."

"Baba, ni Kihispania kitupu. Hutaelewa kitu."

"Sisomi. Natazama tu."

Akavaa miwani, akaipeleka barua dirishani, akaiinua kwenye mwanga kama kielelezo cha kesi. Kidole kikashuka mstari kwa mstari, bila haraka, kikasimama. Akarudi mezani na kidole pale pale, akailaza karatasi mbele ya mkwewe.

Kidole kilikuwa kwenye lile neno refu. Chini yake, zimefutwa kwa raba lakini hazijafutika, zilipita nukta za penseli, zikaendelea mbele hata baada ya neno kwisha.

Mzee hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.

"Huyu mama amezaliwa na Kihispania chake," akasema. "Sasa yeye, mwanangu, alikuwa anatafsiri kutoka lugha gani?"