Mtu Mzima Aliyeparamia Folklifti

Usijifanye hukuwepo. Ulikuwa mezani leo mchana, sahani yako imejaa sombe, yale majani ya muhogo, na jina la Mugisho lilipotajwa uliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Hapakuwa na samaki.

Ibada ilikuwa imekwisha. Mlikuwa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa mnalokodi pale Phillips, Minnesota, ugali wa fufu bado unatoa mvuke, theluji chafu ya Machi imeganda nje ya madirisha. Kemunto alisimama mlangoni bila kuvua koti. Ni Mkenya, nesi wa Maplewood, na ndiye anayemtafsiria wakili wa Mugisho bila malipo. Hakuja kula.

"Kesho saa tatu asubuhi jaji anatoa hukumu," alisema. "Anaweza kufungwa miaka. Wakili anaomba mtu mmoja aliyemjua tangu utoto, aje amzungumzie. Mmoja tu. Nitamchukua na gari langu."

Vijiko viliendelea.

Kosa lenyewe kila mtu analijua. Kiwandani kule mji wa Savage, wanakopakia kuku wa kugandishwa, Mugisho aliparamia folklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo ambacho hakuruhusiwa hata kukigusa. Alijivika ndoo kichwani kama kofia ya rubani, akazunguka bohari lote akinguruma kwa mdomo, mpaka akamgonga msimamizi wake, Cyrus, akamvunja nyonga. Cyrus hatatembea tena sawasawa. Hilo hakuna anayelifuta.

"Ule ni mutu mukubwa, Dada!" alisema Papa Ildephonse, baba mdogo wa Mugisho. "Miaka kumi na tisa! Mimi, umri ule, nilikuwa na muke na shamba. Yeye anavaa ndoo!"

Ukumbi mzima ukacheka.

Huyu Papa Ildephonse ndiye aliyemchukua Mugisho wazazi walipokufa, akamleta Amerika mwaka jana, na wiki ya tatu akampeleka kiwandani, zamu za saa kumi na mbili. Mtu mzima hakai nyumbani bure, alisema, na kanisa likaitikia. Kila asubuhi Mugisho alisimama kwenye kona akingoja gari la kazini, na basi la shule lilipopita alilipungia mkono. Hilo nalo mlilicheka.

"Analia, Papa," Kemunto alisema. "Anamwita mamake. Nikimuuliza chochote, hata kitu kidogo, ananijibu, 'Muulize Papa.'"

"Mamake amekufa. Sasa anamwita ili iweje?"

"Na nguo za jela zimekuwa fupi. Walimpa mpya Novemba. Sahi miguu yote iko nje."

"Eh! Basi wanamulisha kuliko mimi!"

Uwamariya, mwenyekiti wa kina mama, alicheka mpaka akashika meza. Ni huyohuyo aliyefunga siku tatu mwezi uliopita kuombea vijana wa Minnesota. Vijana wote, kwa jumla. Kwa jumla ni rahisi. Kijana wa jumla hana kesi, na hahitaji mtu wa kuamka Jumatatu kwa ajili yake.

Kemunto akamgeukia Mama Mukandayisenga, aliyekuwa mkunga kule kambi ya wakimbizi.

"Mama, na wewe je? Wanasema ulikuwa jirani ya mamake."

Bibi akapangusa midomo taratibu. "Binti yangu, majirani walikuwa wengi. Macho yangu yamechoka, siwezi mambo ya mahakama."

Macho hayohayo, dakika mbili kabla, yalikuwa yameona kipande cha nyama kilichojificha chini ya sombe, upande wa pili wa sinia.

Kemunto akatoa karatasi kwenye mkoba. "Nisikizeni basi. Hapa wameandika: Mugisho, mwanamume, amezaliwa tarehe mosi Januari 1997. Kuna mtu anaweza kuongeza chochote hapa? Chochote?"

Tarehe mosi Januari, ile ya kuandikiwa kambini asiyejua siku yake. Siku moja na Papa Ildephonse. Siku moja na Uwamariya, na wengine tisa waliokuwa wakitafuna mle ndani. Hakuna aliyecheka sasa.

Papa Ildephonse akaweka tonge chini, akashusha sauti. "Dada, wewe ulikuja na ndege na diplome yako. Haujui sisi tulipita wapi. Faili moja, dosye moja, ikifunguliwa, zinafunguliwa zote. Unataka bibi huyu arudishwe? Unataka watoto wa Uwamariya warudishwe? Mwache ajibu mwenyewe. Ni mutu mukubwa."

"Unaendelea kusema hivyo," Kemunto akamjibu. "Ni kama unajikumbusha."

Mchungaji akasimama haraka, akasema jambo hili tumwachie Mungu. Amina ikapasua paa. Watu arobaini wenye miguu, wenye magari, wenye ndimi, wakamtwika Mungu kazi ya asubuhi moja, kisha wakapitisha soda.

Kemunto akafunga mkoba. Akaandika namba yake ya simu kwenye ubao wa matangazo, akarudia kuiandika kwa tarakimu kubwa zaidi, akaondoka. Wewe, uliyemjua Mugisho tangu utoto, ulisubiri mlango ufungwe ndipo ukaongeza fufu.

Namba umeiona, na jaji hajasoma hukumu bado. Chukua simu umpigie Kemunto sasa hivi, na kesho saa tatu simama mbele ya jaji umwambie mlichofanya siku ya mahojiano ya kuja Amerika kule kambini, mlipoogopa faili lenu lisije likakwama kwa sababu ya yatima mmoja mdogo asiye na hati za mlezi: mwambie mlimwongezea miaka minne, na kwamba Mugisho ana miaka kumi na mitano.