Bastola ya Hajjati Nagia

Fundi Dahi alivuta nyundo ya bastola kwa kidole gumba. Silinda ikazunguka, ikapitiliza, ikasimama upande.

"Ukifyatua hivi, Hajjati, nyundo itagonga pembeni. Risasi haitoki."

"Ningekuwa sijui, ningekuja kwako?" alijibu Hajjati Nagia. Alisimama mlangoni, amejitanda shuka jeusi, kakataa kiti, kakataa na chai.

Bastola ilikuwa ya babu yake, ya enzi za Waingereza. Kile kidole cha chuma kinachoizuia silinda isipitilize kilikuwa kimelika, na spea zake hakuna aliyeziona hapa Girga kwa miaka hamsini.

"Kuna mafundi wengine," Dahi alisema.

"Wote wamenikatalia. Wewe huwezi kunikatalia."

Dahi akainamisha macho. "Ya kazi gani?"

"Usijitie ujinga. Ijumaa muuaji wa mwanangu Rashwan analeta sanda yake mbele ya watu kuomba radhi, kama desturi. Wazee washanipangia maneno: akipiga magoti, nimsamehe, tuchinje kondoo, tule, yaishe. Mimi nawaitikia tu, ndiyo, ndiyo."

"Na bastola?"

"Itakuwa chini ya shuka. Risasi moja tu, Fundi."

Dahi akakata kipande cha springi ya lori kuukuu, akakibana kwenye jiriwa, akaanza kukisugua kwa tupa. Kesho yake Hajjati akarudi, akasimama palepale.

"Unatengeneza bastola au hereni ya bibi harusi?"

"Unene wa unywele ukizidi, haifungi."

Kidole kikaenea mahali pake. Ilibaki kukichoma kiwe kigumu. Angekiacha laini, kingepinda mara moja, na mtu wa Ijumaa angerudi kwake akiwa hai. Hakuna ambaye angejua.

Dahi alikaa na kile kipande kiganjani mpaka chai yake ikapoa. Alimfikiria mtu huyo: miaka tisa ya kutembea akiangalia nyuma, ya kulala na viatu miguuni, ya kushtuka kila mbwa akibweka. Mtu kama huyo amechoka. Risasi moja iliyonyooka ni rehema kwake.

Akakichoma mpaka kikawa chekundu kama kaa, akakizamisha kwenye mafuta. Kisha akaijaribu bastola kwenye gunia la mchanga. Risasi sita, zote zikatoka.

Hajjati aliipokea kwa mikono miwili. "Mkono wako hauna kasoro," alisema.

Ijumaa, baada ya sala, watu walijaa uwanjani. Fundi Dahi alipita katikati yao miguu mitupu, amebeba sanda yake mwenyewe, akapiga magoti mbele ya Hajjati Nagia, akafumba macho. Nyuma yake alisimama Badri, mwanawe wa pekee, aliyetoka masomoni Asyuti ili, ikibidi, amzike baba yake.

"Rashwan alikuwa na miaka ishirini," alisema Hajjati. "Na wewe, mwanangu?"

"Ishirini na mmoja, Hajjati," Badri akajibu kwa adabu.

Mkono ukatoka chini ya shuka, ukanyooka juu ya kichwa cha Dahi, ukamlenga kijana.

Mlio ulipotulia, Dahi alifumbua macho. Alikuwa mzima, hana hata mkwaruzo.