Pengo la Mbwilo

Njia ya kurukia ndege ilikuwa imeota nyasi, na mbuzi wa mji walijilalia katikati kama wenyewe. Mzee Shekue alipoinama kuokota kokoto, wenzake walielewa bila kuambiwa. Enzi zao, katika kituo hiki cha ndege za jeshi la majini, hakuna rubani aliyeruka kabla hawajajipanga bega kwa bega kuisafisha njia, maana injini ikimeza kokoto moja tu, ndege huishia baharini.

Wazee wakajipanga. Ukungu wa asubuhi uliwafika magotini, wakawa kama wanaelea, viuno vikilalamika, mifuko ikijaa.

“Shekue, sogea huku uzibe pengo,” alisema Luvanda, fundi wa injini wa zamani.

“Hilo la Mbwilo. Liache.”

Mbwilo ndiye rubani pekee aliyekuwa akiinama pamoja nao. Siku moja aliruka kuelekea baharini, na mpaka leo hajatua.

Luvanda akanyoosha mkono, akaziokota na kokoto za upande wa Mbwilo.

Walipofika mwisho, Shekue alimfukuza mbuzi wa mwisho. Wote wakageukia baharini, wakasogea pembeni, wakapisha.