Udongo wa Darasa la Tatu

Deodata alikishika kile kikombe kwa ncha za vidole, akamwaga maji yaliyobaki, kisha akakirusha nje ya hema. Watoto wa darasa la tatu waliacha kufinyanga wakamtazama, udongo umewajaa mpaka viwikoni.

Kikombe chenyewe kilikuwa kizima, tena kizuri. Kosa lake ni kwamba mkamwana wake, mwalimu Claudia, alikuwa amempa maji nacho yule mama aliyeketi mkekani katikati ya darasa, na mama huyo alikuwa Mtwa.

Kule Burundi walikotoka, Watwa walifinyanga vyungu na watu wengine wakavipikia. Lakini kunywa nao chombo kimoja, au kuketi nao mkeka mmoja, hapana. Maharage ya vyungu vyao yalishuka kooni bila taabu; wao wenyewe ndio waliokwama. Vita viliwafukuza wote, vikawaleta wote Ngara, kambi moja, foleni moja ya unga. Deodata alipoteza nyumba, ng'ombe na mume. Desturi hii aliivusha mpakani salama, wala hakuwa na nia ya kuidondosha leo.

Alikuwa amekuja kama kila siku saa ya mapumziko, mjukuu wake Ndizeye mgongoni, ili mama yake, Claudia, amnyonyeshe. Tangu asubuhi wanawake walikuwa wakimsema bombani kwamba mke wa mwanawe Fabrice anawafundisha watoto wao Utwa. Deodata aliwabishia. Alisema Claudia ni yatima aliyelelewa na masista, hana ndugu hata mmoja, lakini damu ya watu wa heshima haijifichi. Sasa macho yake yalikuwa yamemwumbua.

Shule ile haikuwa na rangi wala karatasi za kuchorea. Claudia alisema udongo hauombwi kwa mfadhili, akawapeleka watoto bondeni upande wa Ntobeye kuuchimba, kisha akamwita huyo mfinyanzi aliyeingia kambini siku si nyingi aje awafundishe.

"Mwambie aondoke," Deodata alisema. "Na huo udongo umwageni."

Claudia alikuwa amepiga magoti, akimwonyesha mtoto mmoja jinsi ya kuviringisha udongo uwe mrefu, kuuzungusha juu ya kitako cha chungu na kuulainisha kwa kigae. Vidole vyake vilikwenda haraka bila hata kuviangalia. Alijibu kwa adabu kwamba somo halijaisha, mama awe radhi kungoja.

Mwalimu mkuu, Habonimana, alifika akihema. Aliomba jambo dogo tu: mfinyanzi aende zake, Claudia afundishe peke yake, wazazi watanyamaza. Yeye mwenyewe, alisema, hana ubaya na mtu.

"Hapana," Claudia alisema. "Siwezi kufundisha kazi ya mtu halafu nimfiche mwenye kazi. Nimechoka kuficha."

Muda wote huo mfinyanzi alikuwa akimtazama yule mtoto mgongoni mwa Deodata, aliyekuwa ameanza kulia.

Deodata alimpenda Claudia, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alimshika mkono usiku wa uchungu wa kujifungua, akampikia uji kwa mikono yake, akajisifu naye kambi nzima. Leo binti huyo anamkaidi mbele ya watoto kwa ajili ya mama wa mitaani tu. Hasira zikampanda, akatoa silaha ambayo kila mama mkwe anayo.

"Basi chagua. Huyu akibaki, Fabrice nitamwambia leo hii akurudishe kwenu."

Kila mtu kambini alijua kwamba Claudia hana kwao. Habonimana aliinamisha kichwa. Deodata mwenyewe aliyasikia maneno yale yakimwachia uchungu mdomoni, lakini yalikwishatoka, na hakuwa mwanamke wa kula matapishi yake.

Claudia aliinuka. Machozi yalikuwa yakimtiririka ila sauti haikutetemeka alipowaambia watoto waendelee na kazi. Akaenda hadi katikati ya darasa, akaketi mkekani kando ya mfinyanzi, bega kwa bega.

"Nimesharudi kwetu," alisema.

Yule mama akajipangusa udongo kwenye kitenge, akamnyooshea Deodata mikono yote miwili.

"Haya, nipe mjukuu wetu," alisema. "Ana njaa."